Herufi Juu ya Maneno ya Wimbo

Msomaji, bila shaka umepata kuona karatasi ya wimbo iliyo na herufi chache zilizokaa juu ya maneno: C, kisha F, kisha G7, halafu C tena. Mwimbaji hazijali. Mpiga gitaa hatazami kitu kingine. Herufi hizo humwambia ni fungu gani la sauti alipige, na ni katika neno gani alibadilishe. Ninaposema fungu la sauti, nakusudia sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja kwa mapatano. Wapiga gitaa wa mijini huliita kodi, jina lililotoka katika Kiingereza, wala halina udugu na kodi inayodaiwa na serikali.

Kuandika herufi nne kama hizo kwa kalamu ni kazi ya nusu dakika. Lakini wepesi huo haukuanguka kutoka mbinguni. Ulitafutwa kwa zaidi ya miaka mia nne, ukapatikana, ukapotea, ukapatikana tena mahali pengine. Na kompyuta ilipoingia katika kazi ya kuandika muziki, ulipotea kwa mara nyingine, ikawabidi watu wautafute upya. Nataka tuifuate safari hiyo pamoja. Ndani yake mna swali moja ambalo hurudi kila mara. Watu waliofaulu kuifanya kazi hii kuwa nyepesi hawakuanza kwa kuuliza, "Tuandike nini?" Waliuliza, "Msomaji wetu anajua nini tayari, hata tusihitaji kumwandikia?"

Kwanza upime uzito wa kazi yenyewe. Chukua wimbo mfupi wenye vipimo 32, kila kipimo kina mapigo manne, na katika kila pigo zalia sauti nne: soprano, alto, tena na besi. Ukitaka kuandika kila sauti kwa nota juu ya mistari mitano, utaandika nota 512. Mkono utachoka, wino utamwagika, na pengine utakosea katika nota ya 300. Ukiandika herufi za mafungu peke yake, huenda herufi 40 zikatosha. Tofauti hii ya 512 na 40 ndiyo chanzo cha historia yote nitakayokusimulia.

Tuanze Italia, karibu na mwaka 1600. Katika siku zile nyimbo za kanisa zilipigwa chapa kwa vitabu mbalimbali, kila sauti na kitabu chake. Mwimbaji wa besi alikuwa na cha besi, wa tena na cha tena. Mpiga ogani aliyetakiwa kuisindikiza kwaya alikuwa mtu wa taabu. Ilimpasa azikusanye sauti zote, azinakili moja chini ya nyingine, ndipo aone ni sauti zipi zinazokutana katika kila pigo. Mwaka 1602 mtawa mmoja, Lodovico Viadana, alipiga chapa mjini Venice kitabu cha nyimbo za kanisa kilichokuwa na sehemu ya besi iliyoandikwa kwa ajili ya ogani, ikienda mfululizo toka mwanzo hata mwisho wa wimbo. Katika dibaji alieleza kwamba alikuwa ameona waimbaji wawili au watatu wakichukua nyimbo zilizotungwa kwa sauti tano, sita, hata nane, wakaziimba hivyo hivyo pungufu, na wimbo ukabaki na mashimo kama wavu uliotatuka. Besi yake iliyaziba mashimo hayo. Mpiga ogani aliisoma besi kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia aliyajenga mafungu yeye mwenyewe.

Watungaji wengine waliongeza tarakimu ndogo juu au chini ya besi hiyo. Emilio de' Cavalieri alifanya hivyo katika mchezo wake wa nyimbo ulioonyeshwa Rome mwaka 1600. Hesabu yake si ngumu. Tarakimu humwambia mpiga ogani ahesabu ngazi ngapi kutoka besi kwenda juu. Akiona 6, aongeze sauti ya sita kutoka besi. Akiona 7, aongeze ya saba. Na asipoona tarakimu yo yote? Hapo ndipo penye ujanja. Asipoona kitu, apige sauti ya tatu na ya tano, yaani fungu lile la kawaida ambalo hutokea mara nyingi kuliko yote. Fungu lililotumiwa zaidi ndilo lililoandikwa kwa kutoandikwa. Hata ile 6 ilikuwa imefupishwa, kwa maana sauti ya tatu iliyopaswa kufuatana nayo haikutajwa; kila mpiga ogani aliijua. Nakuomba uliweke jambo hili moyoni, maana tutakutana nalo tena New York na tena katika kompyuta.

Mwaka 1607 Agostino Agazzari, mtu wa Siena, alipiga chapa kitabu kidogo kuhusu namna ya kupiga juu ya besi ya aina hii. Miongoni mwa sababu alizozitoa za kuisifu iko moja inayochekesha: kwamba kama mpiga ogani angelazimika kuweka nakala kamili za nyimbo zote anazozihitaji, angekuwa na maktaba kubwa kuliko ya mwanasheria. Basi ufupisho haukuokoa mkono tu. Uliokoa karatasi, na karatasi ilikuwa ghali.

Wakati huo huo wapiga gitaa, ambao hawakuwa na ogani wala maktaba, walikuwa wamepata njia fupi zaidi. Mwaka 1606, mjini Florence, Girolamo Montesardo alitoa kitabu ambamo kila fungu la gitaa lilipewa herufi moja ya alfabeti. Mwanafunzi alijifunza mahali pa kuweka vidole kwa herufi A, kwa herufi B, kwa herufi C, na kuendelea. Kisha akasoma wimbo kwa kutazama herufi zilizo juu ya maneno. Usidhani kwamba herufi hizo zilikuwa sawa na zetu. A ya Montesardo ni fungu ambalo leo tunaliita G, B yake ni C yetu, na C yake ni D yetu. Zilikuwa majina ya mikao ya vidole, si majina ya sauti. Lakini umbo la ukurasa, maneno chini na herufi juu, lilikuwa karibu lile lile unaloliona leo.

Sasa, kila ufupisho ni deni. Mwandishi huacha kuandika jambo kwa sababu anaamini kwamba msomaji atalitoa katika akili yake. Msomaji akiwapo, deni hulipwa na muziki husikika. Msomaji akikosekana, karatasi hubaki bubu. Kwa karibu miaka 150 wapiga ogani na vinanda wa Ulaya walifundishwa tangu utoto kujenga mafungu juu ya besi, na Johann Sebastian Bach, aliyefariki mwaka 1750, aliwafundisha wanafunzi wake kwa njia hiyo. Karne ya 18 ilipokuwa ikielekea mwisho, watungaji walianza kutaka kila nota iwe vile vile watakavyo wao, wakaandika zote. Tarakimu zikabaki madarasani na katika makanisa machache. Leo mtu anayetaka kupiga wimbo wa mwaka 1650 hana budi kumtafuta mtaalamu, au anunue kitabu ambamo mtaalamu amekwisha kuzigeuza tarakimu kuwa nota. Alfabeti ya gitaa nayo ilisahauliwa pamoja na gitaa la namna ile. Wepesi uliokwisha kupatikana ukapotea.

Nikivuka haraka karne ya 19 ya Ujerumani, nitaje tu kwamba Gottfried Weber, katika kitabu alichokitoa kati ya mwaka 1817 na 1821, alitumia tarakimu za Kirumi kuyataja mafungu, kubwa kwa fungu la meja, ambalo sauti yake ni nyangavu, na ndogo kwa fungu la maina, ambalo lina kivuli cha huzuni. Zilikuwa alama za mwalimu anayechambua wimbo, wala si za mpigaji aliye na haraka. Lakini ndani yake mlikuwa na wazo la thamani: fungu lihesabiwe kwa nafasi yake katika ngazi ya wimbo, iwe ngazi yo yote. Wazo hili litarudi.

Katika Uingereza ya karne hiyo hiyo palikuwa na shida nyingine, na hii ilitugusa sisi wa Afrika. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, alibuni njia ya kuwafundisha watoto kuimba kwa kutumia herufi badala ya nota. Mchungaji John Curwen, aliyeombwa mwaka 1841 atafute njia nyepesi ya kufundisha uimbaji, aliichukua njia ya Glover, akaitengeneza kwa namna yake, akaieneza. Ndiyo solfa: d, r, m, f, s, l, t. Do si sauti moja iliyofungwa mahali pamoja; do huhama. Wimbo ukiwa katika ufunguo wa G, do ni G. Ukiwa katika ufunguo wa D, do ni D.

Sifa ya solfa husemwa mara nyingi kuwa ni urahisi wake kwa mwimbaji, na ni kweli. Lakini mimi naona sifa yake kubwa zaidi ilikuwa kwa mpiga chapa. Nota za mistari mitano zilidai herufi maalumu za risasi au sahani za madini zilizochongwa na fundi. Solfa ilihitaji herufi zile zile za gazeti, nukta mbili za kutenganisha mapigo, na mistari wima ya kutenganisha vipimo. Mpiga chapa wa kijiji aliweza kuitoa. Nyimbo kubwa za Handel zilichapishwa kwa solfa na kuuzwa kwa bei ambayo mfanyakazi wa kiwandani aliimudu. Wamisionari waliibeba hata Afrika, kwa maana mahali ambapo kinanda hakikufika, ubao na chaki vilifika. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu karibu na Johannesburg, alitunga "Nkosi Sikelel' iAfrika" na kuiandika kwa solfa. Lahani yake ndiyo inayoimbwa leo Tanzania kwa maneno ya "Mungu Ibariki Afrika". Na hapa kwetu Kenya, kwaya ngapi za shule na za makanisa zimejifunza sauti nne kutoka ubaoni, bila ya nota hata moja?

Lakini tazama yaliyompata mpiga gitaa. Karatasi ya solfa ina mistari minne ya herufi, soprano juu na besi chini. Humpa kila mwimbaji njia yake mpaka mwisho. Mpiga gitaa akiiomba karatasi hiyo, itambidi asome mistari yote minne kwa wakati mmoja, ajumlishe d na m na s, akumbuke ufunguo ni upi, kisha aseme, "Kumbe hili ni fungu la G." Kabla hajalitaja, kwaya imekwisha kulipita. Solfa ilimfungulia mwimbaji mlango, na mpiga gitaa ikamwacha uani.

Huyu wa uani alisaidiwa na watu wa mbali sana. Mwaka 1879 wahamiaji kutoka kisiwa cha Madeira cha Ureno walifika Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, wakiwa na vigitaa vidogo. Na kutokana na vigitaa hivyo ikazaliwa ukulele, yenye nyuzi nne. Baada ya maonyesho makubwa ya mwaka 1915 mjini San Francisco, Marekani nzima ilishikwa na homa ya ukulele. Wenye kuzinunua hawakujua kusoma nota, nao wauzaji wa karatasi za nyimbo walitaka fedha zao. Katika miaka ya 1920 mpiga ukulele wa New York, May Singhi Breen, aliwashawishi wachapishaji watie alama za mafungu ya ukulele juu ya nyimbo zao. Alama hizo zilikuwa vijisanduku vya mistari minne vyenye nukta za kuonyesha mahali pa vidole, na pamoja navyo ikaja desturi ya kuandika jina la fungu kwa herufi. Homa ya ukulele ilipopoa, herufi zilibaki. Mpiga piano, mpiga gitaa, mpiga besi, wote waliziona kuwa zinawafaa, kwa sababu herufi haimwambii mtu aweke vidole wapi. Humtajia sauti, naye hutafuta njia yake.

Na desturi ile ya Italia ikazaliwa upya, ijapokuwa sidhani kwamba watu wa New York walikuwa wakiwafikiria watawa wa Venice. C peke yake ni fungu la meja, kwa sababu ndilo la kawaida. Likiwa la maina, ndipo huongezwa m: Cm. Tarakimu 7 peke yake ni ile ya saba iliyoshushwa kwa nusu, kwa sababu hutumiwa mara nyingi. Ile ya saba isiyoshushwa, iliyo adimu zaidi, ndiyo inayodaiwa maandishi marefu: Cmaj7. Kilicho cha kawaida husafiri bila mzigo, na kilicho adimu hubeba mzigo wake chenyewe.

Mwaka 1942 George Goodwin wa New York alianza kuuza kadi ndogo, inchi tatu kwa tano, kwa ajili ya watu wa redio: upande mmoja habari za mwenye haki ya wimbo, upande wa pili lahani, maneno na herufi za mafungu. Wimbo mzima uliingia katika kiganja. Wanamuziki wa mabaa na kumbi za dansi wakazipenda mno kadi hizo, hata wezi wakazinakili na kuzifanya vitabu, vikauzwa kwa siri. Katika miaka ya 1970 kitabu kingine cha namna hiyo, chenye nyimbo za jazi, kilitokea miongoni mwa wanafunzi wa muziki mjini Boston, nacho kikatapakaa duniani kwa mashine za kunakili. Toleo lake la halali halikutoka mpaka mwaka 2004. Siusifu wizi, watungaji walipunjwa jasho lao. Nataka uone tu jinsi watu walivyokuwa na njaa ya ufupisho huu.

Mjini Nashville, kunako miaka ya mwisho ya 1950, Neal Matthews wa kundi la Jordanaires, waliokuwa wakiimba nyuma ya Elvis Presley, alianza kuandika mafungu kwa tarakimu badala ya herufi: 1, 4, 5. Mwimbaji akisema wimbo uko juu mno kwa koo lake, wapigaji hawakuandika upya hata alama moja. Walihamisha 1 tu, na mengine yakafuata. Msomaji uliyelelewa kwa solfa, hili si geni kwako. Ni do inayohama, imevaa kofia ya Nashville.

Kulikuwa na ila moja katika herufi za Marekani. Hapakuwa na mamlaka ya kuzisimamia, na kila mnakili aliandika apendavyo. Fungu moja la C ya maina yenye sauti ya saba liliweza kuwa Cm7, Cmi7, Cmin7 au C-7. Wajerumani nao wana desturi yao ya kale: sauti ambayo Waingereza huiita B, wao huiita H, na jina la B hulipa ile iliyoshushwa kwa nusu. Mwaka 1976 Carl Brandt na Clinton Roemer walitoa kitabu cha kuzisanifisha alama hizi. Wengi walikisoma, wachache walikubaliana nacho katika kila jambo. Kwa binadamu, ila hii haikuwa kubwa. Mpigaji mzoefu huona C-7, akaelewa, akapiga. Ila ilikuwa kubwa kwa mgeni aliyekuwa njiani, asiyejua desturi wala mzoea.

Mgeni huyo ni mashine. Kwa muda mrefu muziki mzuri wa chapa ulikuwa kazi ya fundi aliyegonga alama kwa nyundo juu ya sahani ya madini, kinyumenyume. Robert Keaton wa San Francisco alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1936 kwa taipureta ya muziki yenye vibonye 14, na mwaka 1953 kwa nyingine yenye vibonye 33. Zilikuwa mashine za ajabu, lakini hazikujua zilichokuwa zikikigonga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Leland Smith alianza kutengeneza programu iitwayo SCORE. Mwandishi aliandika kwa duru: kwanza sauti zote za mstari, kisha urefu wake, kisha alama nyingine, zote kwa vifupisho ambavyo ilimbidi avihifadhi kichwani. Matokeo yalikuwa mazuri kiasi cha kuwaridhisha wachapishaji wakubwa, lakini kujifunza programu ile kulikuwa kama kujifunza lugha. Mwaka 1988 ikatoka Finale, iliyoandikwa na Phil Farrand. Hapa mwandishi aliona ukurasa wake machoni. Hata hivyo, herufi za mafungu ziliendelea kuwa mwiba. Ile sehemu inayofuata jina la sauti, kama m7 au maj7, iliwekwa katika ghala la viambatisho, na kila kiambatisho kilikuwa na nambari yake. Mwandishi akiandika kiambatisho ambacho ghala haikukijua, programu ilisimama na kumwuliza kama akiongeze. Kalamu haijawahi kumwuliza mtu swali la namna hiyo.

Ukitaka kujua shida iko wapi hasa, jiweke katika nafasi ya mashine. Mtu ameandika "bb7". Kwa Kiingereza, b ya kwanza ni jina la sauti. B ya pili si jina. Ni alama ya kushusha kwa nusu, inayofanana na herufi b. Wewe umeelewa bila kufikiri. Mashine lazima ifundishwe kwamba herufi moja ina kazi mbili, na kwamba nafasi yake ndiyo inayoamua. Hilo likiisha, mtu huandika "ab9". Je, ni A iliyoshushwa, yenye sauti ya tisa? Au ni A isiyoshushwa, ambayo sauti yake ya tisa ndiyo iliyoshushwa? Hapa hata binadamu wawili waweza kugombana. Desturi hulitatua kwa mabano: A(b9) kwa maana ya pili, na pasipo mabano huchukuliwa ile ya kwanza.

Ndugu pacha wawili wa Uingereza, Jonathan na Ben Finn, walitoa programu ya Sibelius mwaka 1993. Katika toleo lake la sita, la mwaka 2009, mwandishi aliruhusiwa kuandika jina la fungu kwa herufi za kawaida za kibodi, kama anavyomwandikia rafiki barua, na programu yenyewe ikalisoma, ikalielewa, ikaweka alama ya kushusha mahali pake na kupunguza ukubwa wa tarakimu. Laonekana jambo dogo. Lakini kabla ya hapo mtu alijifunza mazoea ya mashine. Sasa mashine ilijifunza mazoea ya mtu. MuseScore, programu isiyouzwa bali hutolewa bure, ambayo Werner Schweer aliianzisha mwaka 2002, hufanya vivyo hivyo, na huzipokea pia tarakimu za Nashville. Unabonyeza Ctrl pamoja na K, unaandika jina la fungu, kisha unabonyeza kibonye cha nafasi, na kishale kinaruka chenyewe hadi mahali panapofuata. Mkono hauondoki katika kibodi kutafuta kipanya. Mtu aliyepata kuandika mafungu 40 kwa kubofya mara tatu kwa kila moja atakwambia uzito wa neno hili.

Wenye kutengeneza programu, kwa kuwa aghalabu hulelewa katika muziki wa okestra, hawakuyapa mafungu ya herufi nafasi ya mbele. Kundi lililokuwa likiitengeneza Sibelius mjini London lilivunjwa mwaka 2012, nalo likaajiriwa kwingine kutengeneza programu mpya, Dorico, iliyotoka Oktoba mwaka 2016. Ilikuwa na mambo mengi mazuri, lakini haikuweza kuandika hata herufi moja ya fungu. Watu wa jazi na wa nyimbo za dansi walingoja mpaka toleo la mwaka 2017. Nikitoa rai yangu, huku kulikuwa kuhesabu vibaya, maana wanaoshika gitaa duniani ni wengi kuliko wanaotunga simfoni. Lakini alama zilipokuja zilikuja kwa hatua ndefu: mwandishi aweza kuacha kuandika kabisa, akalipiga fungu lenyewe katika kinanda kilichounganishwa na kompyuta, na programu ikalitaja kwa jina. Huko tumerudi kwa mpiga ogani wa mwaka 1602, ila kwa kugeuzwa: yeye aliona alama akajenga fungu, hapa fungu hujengwa kwanza, na alama hufuata.

Finale nayo, baada ya miaka 35, iliachwa na wenyewe mwezi wa Agosti mwaka 2024, na waliokuwa na maelfu ya kurasa ndani yake wakaanza kazi ya kuzihamisha. Deni la ufupisho halijakwisha. Limebadilisha mdai tu. Zamani alihitajika mtu ajuaye tarakimu, na sasa inahitajika pia programu ijuayo faili.

Na yule mpiga gitaa tuliyemwacha uani? Huyu unaweza kumsaidia wewe. Ichukue karatasi ya solfa ya kwaya yako. Tazama katika kila kipimo ni sauti zipi zinazokutana. Zikiwa d, m na s, hilo ndilo fungu la 1. Zikiwa f, l na d, ni la 4. Zikiwa s, t na r, ni la 5. Kisha tazama ufunguo ulioandikwa juu ya wimbo. Ukiwa G, mafungu hayo matatu ni G, C na D. Ukiwa D, ni D, G na A. Mengine utayakuta njiani, lakini nyimbo nyingi za sifa na za shule hazivuki sana hayo matatu. Yaandike kwa penseli juu ya mstari wa soprano, kila moja mahali linapobadilika, na pale lisipobadilika usiandike kitu. Kama shule yenu ina kompyuta yenye MuseScore, andika lahani kwanza, uchague nota ya kwanza, ubonyeze Ctrl na K, kisha g, nafasi mpaka litakapobadilika, c, nafasi, d. Halafu mpe karatasi, aingie ndani.